Punda Aliyevua Sogi

Mwaka ule jua lilisahau kwenda kwao. Lilichomoza, likakaa juu ya bonde kama mgeni asiyejua kuaga, na mto ukapungua ukawa mfereji, mfereji ukawa tope, tope likawa vumbi. Ikabaki chemchemi moja tu, nyuma ya Mlima wa Mawe, mwendo wa nusu siku kwenda na kurudi. Wenye miguu mirefu wangeweza kuifikia. Wazee, vilema na wenye vifaranga wasingeweza.

Simba akaitisha baraza. Alikaa juu ya jiwe kubwa kuliko yote, maana lile lililolifuatia kwa ukubwa lisingeitosha heshima yake.

"Mmoja wetu atachota maji kwa ajili ya bonde zima," alisema. "Nani?"

Twiga akasema shingo yake haikuumbwa kwa mizigo. Swala akasema yeye hujua kukimbia tu, na maji hayapendi kukimbizwa. Fisi akasema angependa sana, ila mbele ya maji hajiamini, na siku hiyo hilo ndilo neno la kweli pekee lililomtoka. Wote wakamgeukia Punda. Punda hakusema kitu, kwa kuwa alikuwa hasikilizi. Alikuwa anatafuta neno la shairi lenye kina kimoja na "ukame."

"Punda amekubali," akasema Simba. Baraza likavunjika.

Hivyo ndivyo Punda alivyopata kazi. Walimvisha sogi, yale makapu mawili ya ukindu yanayoning'inia huku na huku mgongoni, na kila kapu likatiwa kibuyu kikubwa. Kila asubuhi alikwenda chemchemini, kila alasiri alirudi barazani, na kila mnyama akapata kata moja ya maji. Simba alipata mbili, moja ya kiu na moja ya ukubwa.

Siri ya Punda ilikuwa hii: alitaka kuwa malenga. Alijua fika kwamba hakuna anayemtazama punda akafikiria mashairi. Hata yeye mwenyewe, akijiona katika maji ya chemchemi, yale masikio, yale meno, ile sura ya mtu aliyeamshwa kabla ya wakati, alikuwa wa kwanza kucheka. Sauti yake nayo ilikuwa ya kupasulia kuni. Lakini maneno yalimjia, afanyeje? Yalimjia njiani, mzigo ukiwa mgongoni. Hatua nane, pumzi. Hatua nane, pumzi. Aliona kwamba mstari wa shairi nao ni sogi: nusu huku, nusu kule, na ukizidisha upande mmoja mzigo unalala.

Tatizo lilikuwa vina. Kina kikimpotea, Punda alisimama katikati ya njia mpaka akipate. Siku moja alisimama muda mrefu hivi kwamba Kinyonga alimpita, akageuka, akamuuliza kama ni mgonjwa. Maji yakachelewa, na barazani wakamnunia.

"Umekwama wapi leo?" wakamuuliza.

"Kwenye 'mvua,'" akajibu, na hakuna aliyemwelewa.

Aliyemwelewa kidogo alikuwa Kanga, jirani yake, mama wa vifaranga tisa. Kila asubuhi Kanga alikuja kumfunga kamba za sogi kwa mdomo wake, akikaza pale, akilegeza hapa, ili zisimchubue. Hakuna aliyemtuma. Na jioni, Punda akimghania beti za siku hiyo, Kanga alikaa akasikiliza hadi mwisho.

"Lile la jana, shoga," alisema siku moja, "wanangu walilala fofofo kabla hujalimaliza. Wote tisa."

Punda aliifikiria sana sifa hiyo. Hakuwa na hakika kama ilikuwa sifa, lakini aliichukua, maana hakuwa na nyingine.

Sasa Sungura, mwenye akili nyingi na mgongo usiojua mzigo, alikuwa akiyatazama mambo haya kwa jicho la pembeni. Aliona kwamba katika mwaka wa kiu, mkubwa wa kweli si anayekaa juu ya jiwe. Mkubwa ni anayeshika vibuyu. Akamsubiri Punda njiani, chini ya mgunga, na alipomwona anakuja akajifuta machozi ambayo hayakuwapo.

"Dada Punda," alisema, "nimekusikia ukighani kule kwenye mawe. Nimeshindwa kutembea."

"Umeumia mguu?"

"Moyo, dada! Nimeguswa moyo. Malenga kama wewe anabeba vibuyu? Hivi bonde hili halina haya?"

Punda akasimama. Tangu azaliwe hakuna aliyemwita malenga. Masikio yake, ambayo kwa kawaida yalilala, yakasimama yenyewe kama yameitwa shuleni.

"Lakini kazi..." akaanza.

"Kazi ndiyo inayokula mashairi yako. Mshika mawili moja humponyoka, wewe hujui? Ungekuwa na siku nzima ya kutunga, kivulini, umetulia, ungetunga nini?"

"Ningetunga... hata sijui."

"Umeona? Hujui kwa sababu hujapata nafasi! Wewe nenda kamwambie Simba unaacha kubeba. Mwambie utamtungia shairi la kumsifu. Kazi hii ngumu, chafu, ya jua kali, niachie mimi. Nitajitesa na Fisi wangu. Tutabeba kwa ajili ya ushairi."

Punda alitaka kulia kwa wema ule. Alikuwa mwepesi wa kuona wema kila mahali, na siku hiyo aliuona hata pale ambapo haukuwapo.

Katika bonde lile palikuwa na desturi: aliyepewa kazi mbele ya baraza huiacha mbele ya baraza, na akishauvua mzigo kwa hiari yake haruhusiwi kuuvaa tena mpaka baraza lenyewe limvishe. Siku iliyofuata Punda akasimama katikati ya wanyama wote, akainama, akaiacha sogi iteleze chini.

"Kuanzia leo sibebi," alisema. "Mimi ni malenga."

Mtu akakohoa. Fisi akacheka, lakini Fisi hucheka hata msibani, kwa hiyo kicheko hicho hakikuhesabiwa.

"Malenga wa nani?" akauliza Simba.

"Wako, Bwana Mkubwa. Nitakutungia shairi la sifa."

Simba akajaribu kuficha furaha yake, akashindwa, akatikisa manyoya ya shingo. "Siku saba," alisema. "Siku saba utakunywa maji ya bonde bila kuyabeba. Siku ya saba utaghani hapa, wote wasikie. Lakini sikiliza, Punda. Simba hachezewi. Ukija bila shairi, nitajua ulikuwa mvivu tu, na utahama bonde hili siku hiyohiyo."

Nje ya bonde hapakuwa na chemchemi wala tone. Punda alilijua hilo, lakini siku saba aliziona nyingi kama nyota. Sungura na Fisi wakapewa kazi. Fisi alivaa sogi, Sungura alitembea mbele akiwa ameshika kata, kama mtu anayeongoza harusi.

Siku ya kwanza Punda alitafuta kivuli kizuri. Siku ya pili aliona kivuli kile hakina mandhari, akahamia kingine. Alijaribu kukaa kama malenga: akaegemeza kidevu juu ya kwato, akatazama mbali. Shingo ikamuuma. Siku ya tatu akapata mstari:

*Simba wetu una meno, meno mengi kinywani mwako.*

Akauhesabu. Huku nane, kule tisa. Mzigo umelala. Akampunguzia Simba meno kidogo, mizani ikakaa sawa, ndipo akagundua kwamba huo si wimbo wa sifa. Kila mtu ana meno. Yeye mwenyewe anayo, tena makubwa kuliko ya Simba, na hakuna aliyewahi kumsifia.

Siku ya nne Sungura akapita kumjulia hali.

"Yanakuja, mshairi?"

"Yanakuja."

"Mangapi?"

"Mstari mmoja. Lakini nimeufuta."

"Vizuri sana!" Sungura akasema, na furaha yake ilikuwa ya kweli kabisa. "Usiharakishe. Mashairi mazuri hayana haraka." Akaenda zake akirukaruka, na Punda akabaki akishangaa jinsi jamaa huyu alivyo mvumilivu.

Huko barazani mambo yalikuwa yamebadilika. Vibuyu vilikuja viwili kama zamani, vimejaa mpaka shingoni, kila mtu aliviona. Lakini kata moja ikawa nusu, nusu ikawa robo, na waliokuwa mwisho wa mstari walirudi na vinywa vikavu.

"Mbona maji yanaisha upesi?" wakauliza.

"Ndugu zangu, ni joto," Sungura alijibu. "Hata kibuyu chenyewe kina kiu. Kinakunywa njiani."

Wakaitikia kwa vichwa. Aliyekwambia kwa sauti ya uhakika, na kata iko mkononi mwake, ni vigumu kumbishia.

Siku ya sita jua lilipokuwa utosini, Punda alimwona Kanga akija polepole, amebeba nusu ya ganda la yai kwa mdomo, akitembea kama mtu anayevuka daraja la uzi. Akaliweka mbele yake. Ndani yake kulikuwa na maji, hayajai hata kwato.

"Kunywa, shoga. Sikukuona barazani jana wala juzi."

"Nilikuwa natunga."

"Najua. Ndiyo maana nimekuletea. Shairi halipiti kwenye koo kavu."

Punda akainamisha kichwa anywe, kisha akasita. "Haya ni ya nani?"

"Ni yangu."

"Na watoto?"

Kanga akatazama pembeni. "Wale wakubwa hawajambo. Yule wa mwisho ndiye hajasimama tangu asubuhi. Lakini kesho utaghani, Simba atafurahi, labda utamwomba atuongezee kata. Wewe kunywa tu."

Punda aliyatazama yale maji. Katika siku sita alikuwa ametunga mstari mmoja, akaufuta. Na huyu mama wa watoto tisa, aliyekuwa akimfunga kamba kila asubuhi, alikuwa amevuka jua lote lile kumletea malenga asiye na shairi maji ya mdomoni mwake. Kama Fisi angepita wakati ule na kumcheka, Punda angemsaidia.

"Shoga," alisema, "mrudishie mtoto. Mimi si malenga. Ni punda aliyekaa."

"Malenga au punda, usiku huu utunge," akasema Kanga. "Ukifukuzwa, nani atawaghania wanangu walale?" Lakini ganda alilichukua, akarudi nalo mbio zaidi kuliko alivyokuja.

Punda hakutunga kitu. Siku ya saba alasiri akaenda barazani na kichwa kitupu kama ngoma.

Wanyama wote walikuwapo, wamekaa duara, ndimi nje. Fisi alikuwa ndiyo kwanza ametua sogi. Vibuyu viwili vilisimama katikati, vimejaa mpaka shingoni. Sungura alikaa kando yavyo na kata.

"Kabla ya maji, shairi," akasema Simba. "Ghani."

Punda akafungua kinywa. "Simba wetu..." Akafunga. Akafungua tena. "Simba wetu una..."

"Nina nini?"

"Una... meno."

Mtu akacheka, akajizuia. Simba akainuka kidogo kwenye jiwe lake. Sungura akainamisha kichwa kwa huzuni nzuri sana. "Maskini," alinong'ona, kwa sauti ya kusikika na wote. "Nilimwamini. Basi, Bwana Mkubwa, ahadi ni ahadi. Ahame."

Hapo Punda akaona kwamba miguu yake inatembea. Hakuiambia. Ilikuwa inakanyaga palepale, moja mbili, moja mbili, kama inavyokanyaga njia ya mlima, na ndani ya kichwa chake kitu kikasogea.

"Bwana Mkubwa," alisema, "naomba sogi."

"Sogi ya nini?"

"Ya kutungia. Naona aibu kusema, lakini siwezi kutunga nikiwa sina mzigo. Nimejaribu siku saba. Baraza linivishe, hata kwa ubeti mmoja tu, kisha mnifukuze."

Baraza zima likaangua kicheko. Malenga anayeomba mzigo! Swala alicheka mpaka akakaa chini. Mmoja tu hakucheka, naye ni Sungura.

"Haifai, Bwana Mkubwa!" akaruka. "Vibuyu vimejaa, atayamwaga maji ya watu! Mvisheni sogi tupu!"

"Siku zote amevibeba vikiwa vimejaa," akasema Kanga kutoka nyuma, na wote wakashangaa, maana Kanga hakuwa na kawaida ya kusema barazani. "Hajawahi kumwaga tone. Kuchelewa, ndiyo. Kumwaga, hapana."

Simba alikuwa bado anacheka. Alitaka kuona mchezo huu unaishia wapi. "Avishwe."

Kanga akaja akafunga kamba. Punda akaanza kuzunguka duara. Hatua nane, pumzi. Hatua nane, pumzi. Na maneno yakaja, si yale ya kumsifu Simba, bali yale yaliyokuwa mgongoni:

*Nina sogi mgongoni, huku na huku yapima,*
*Maji hucheka njiani, kwa kila ninapohema,*
*Leo yana siri gani, mbona kimya yamezama?*
*Nayauliza kwa nini, kushoto maji yagoma?*

Akasimama. Safari hii hakukosa kina. Alisimama kwa sababu alikuwa amelisikia shairi lake mwenyewe.

"Endelea," akasema Simba, ambaye alikuwa ameanza kutikisa mguu.

"Bwana Mkubwa, kushoto hakuna maji."

"Ni ushairi huo?"

"Si ushairi. Nimebeba maji miezi miwili. Maji yakibebwa husema. Ukikanyaga, yanagonga kibuyu, chubwi, chubwi. Cha kulia kinasema. Cha kushoto kimekaa kimya kama maiti, tena kizito kuliko mwenzake."

"Ni maji mazito!" Sungura akasema. "Ya chini kabisa ya chemchemi! Ndiyo matamu."

"Yamwagwe tuyaone," akasema Simba.

Wakakipindua kibuyu cha kushoto. Ukatoka mmiminiko mmoja mfupi wa maji, na nyuma yake mchanga, mchanga mbichi, mchanga mwingi, ukajikusanya katikati ya baraza kama kichuguu. Wanyama wote wakaukodolea macho.

"Ni wa kuchujia," akasema Sungura haraka. "Maji yakipita kwenye mchanga huwa safi. Nilikuwa nawafikiria watoto."

"Mimi sikutia huo mchanga peke yangu!" akalia Fisi, kabla hajaulizwa. "Sungura ndiye mwenye akili, mimi nina tumbo tu! Yeye alisema tunywe nusu, tujaze mchanga, na cha kulia kipakuliwe kwanza. Mengine yako kwenye shimo nyuma ya pango langu, tumeyafunika majani! Na leo ningepewa zamu yangu ya kuoga!"

"Kuoga?" akauliza Simba polepole. Yeye mwenyewe hakuwa ameoga tangu ukame uanze, na heshima yake ilikuwa imeanza kunuka.

Sungura akatazama huku na huku atafute mwanya, lakini duara la wenye kiu halina mwanya. Baraza likakata shauri palepale. Maji ya shimoni yaliletwa, na kata ya kwanza akapewa kifaranga wa mwisho wa Kanga. Alikunywa, akapiga chafya, akasimama. Sungura na Fisi waliamriwa kuondoa mawe yote katika njia ya mlima, jiwe kwa jiwe, na kunywa wa mwisho kila siku mpaka mvua inyeshe. Sungura, ambaye hakuwahi kubeba kitu kizito kuliko wazo, aliliinua jiwe la kwanza akaguna kama mzee.

"Na wewe, Punda," akasema Simba. "Shairi zuri. Lakini mimi simo."

"Umo, Bwana Mkubwa. Katika ubeti wa pili."

"Uko wapi huo?"

"Uko njiani. Nitakutana nao kesho, karibu na mwamba mwekundu."

Simba akafikiri kama ametukanwa, akaona hapana. Baraza likamrudishia Punda kazi yake, na hakuna aliyemkatalia ushairi, ila walimwomba, akikosa kina, asogee pembeni ya njia.

Asubuhi Kanga akaja na mdomo wake, akakaza pale, akalegeza hapa.

"Niambie kweli, shoga," Punda alisema. "Lilikuwaje?"

"Lilikuwa zuri. Maneno mazuri. Ila sauti..."

"Sauti imefanyaje?"

"Vifaranga wawili wamejificha mpaka sasa."

Punda akacheka mpaka sogi ikatikisika, na wa tatu naye akakimbilia majanini. Akashika njia. Kwenye mwamba mwekundu ubeti wa pili haukuwapo. Akapita. Alipofika chemchemini akapiga magoti kama kazi ile inavyotaka, kifua kikagusa matope, vibuyu vikazama, na maji yakaanza kuingia kwa mlio wao wa kunong'ona. Basi hapohapo, pua ikiwa karibu na tope na makalio juu, hali ambayo malenga yeyote asingependa kuonwa nayo, ubeti wa pili ukamjia mzima, vina vyote ndani yake. Simba alikuwamo. Meno yake hayakuwamo.

Sungura aliyataka maji, hakutaka kupiga magoti. Punda aliutaka ushairi, akaenda kuutafuta amekaa. Wote wawili walifundishwa na chemchemi moja: mtaka cha mvunguni sharti ainame.